Kome wa Meli, Mzigo wa Mwananchi

Mwaka 1988 kome wadogo wenye milia waligunduliwa katika Ziwa St. Clair, mpakani mwa Marekani na Kanada. Asili yao ni pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Walisafirishwa ndani ya maji ambayo meli hubeba tumboni zisiyumbe, kisha huyamwaga ziendako. Desemba 1989 wakazi wa Monroe, Michigan, walikosa maji: kome, wakisaidiwa na barafu, walikuwa wameziba bomba la kuvutia maji ya Ziwa Erie.

Leo ndugu zao, kome wa kwaga, wametanda chini ya Ziwa Michigan na kuchuja chakula cha samaki. Maji yametakata, wapo hata wanaoyasifu, lakini si wavuvi.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji ya meli ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika 2017. Muda wote huo mwenye meli alikwepa gharama, na mwananchi akalipia kuzibua mabomba. Ziwa Viktoria, lililokwisha kuvamiwa na magugu maji, halina budi kulindwa bandarini kabla mgeni mwingine hajashuka.