Betri ya vepu inachajika tena, lakini ikifia Uchindile itaenda wapi?

Tangu tarehe 1 Juni 2025 Uingereza imepiga marufuku kuuza vepu za kutupa, yaani sigara za kielektroniki unazovuta mpaka zinaisha. Sababu moja ni betri. Mwaka 2023 shirika la Material Focus lilikadiria kuwa vepu milioni 5 zilikuwa zikitupwa nchini humo kila wiki, nyingi zikiwa na betri za lithiamu ambazo hazijachoka. Watafiti wa chuo cha UCL, London, walizipima wakakuta zinaweza kuchajiwa mamia ya mara.

Ukiwa Uchindile, kituo cha TAZARA kule Mlimba, huenda vepu hujawahi hata kuishika. Ila betri yake ni ndugu wa ile iliyo ndani ya tochi ya kuchaji na taa ya sola, na fundi simu anayefufua taa hizo anaweza kuitumia pia.

Tupige hesabu. Nyingi ni volti 3.7 na mAh 550 hivi, karibu wati-saa 2. Taa ya wati 1 itawaka kama saa mbili. Kwa mtoto kujisomea si haba. Kujaza simu ya mAh 5,000 utahitaji tisa au zaidi, kwa hiyo hapo sahau.

Kazi ipo kwenye kuchaji. Kile kibao cha bei poa cha TP4056 kwa kawaida hutoa ampea 1, nyingi mno kwa betri ndogo hivyo. Fundi abadilishe rezista ya kiloomu 1.2 aweke ya 5, mkondo ushuke hadi robo ampea. Kuunganisha paneli moja kwa moja kwenye betri ni kuitafutia nyumba moto. Iliyovimba, au iliyoshuka chini ya volti 2, achana nayo.

Halafu kuna siku itakufa kabisa. Betri ya gari ina mnunuzi wa chakavu. Hii ndogo inaishia shimo la taka, na shimo likichomwa inaweza kulipuka. Kanuni za taka za kielektroniki tunazo tangu 2021, chini ya NEMC, ila kanuni bila sanduku la kukusanyia haimfikii mtu wa Uchindile. Kwa maoni yetu, sanduku hilo likae stesheni, treni ibebe mzigo kwenda Dar, na gharama alipe mwagizaji wa taa na tochi, siyo fundi.