Mafuta ya mbono tusiyalaumu bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya mafuta ya mbono, maana jambo hili limetutia hasara kijijini na sehemu ya lawama ni yangu.

Mwaka jana mashine yetu ya kusaga ilisimama wiki tatu. Akina mama walibeba mahindi kichwani hadi kijiji cha jirani, na wanafunzi wangu wa kike wakakosa masomo kwa kuwasindikiza. Dizeli ilipopanda bei, mwendesha mashine alikamua mbegu za mbono kaburi za kwenye ua, akachuja kwa kitambaa, akamimina tangini. Aliniuliza kwanza. Nikamjibu kwamba mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini moja ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli, lakini nilimjibu nusu.

Mafuta ghafi ya mbegu ni mazito mno. Nozeli haiwezi kuyapuliza yakawa ukungu, hivyo hayaungui yote, na masizi huganda kwenye nozeli na ringi za pistoni. Ndivyo fundi alivyotuonyesha. Biodizeli ni kitu kingine. Mafuta huchanganywa na methanoli na kostiki, gliserini hutuama chini, na kinachobaki juu, kikishaoshwa na kukaushwa, huwa chepesi karibu na dizeli. Kazi hiyo si ya jikoni: methanoli ni sumu na hushika moto upesi.

Sehemu 20 za biodizeli kwa 80 za dizeli huendesha injini nyingi bila kuzibadilisha. Nguvu hupungua asilimia 1 au 2 tu. Moshi mweusi hupungua, na kaboni monoksidi pia, kwa kuwa mafuta hayo yana oksijeni ndani yake. Hilo si dogo kwa msagaji anayeshinda kibandani. Lakini oksidi za naitrojeni zaweza kuongezeka kidogo. Asiyelitaja hilo anauza, hafundishi. Tena biodizeli huosha uchafu wa zamani tangini, ndiyo maana filta huziba mwanzoni, na mipira ya zamani hulainika.

Sasa mkutano wa kijiji umekataza mafuta yoyote ya mbegu yasikaribie mashine. Hasira yao naielewa. Wengine wanakumbuka pia miradi mikubwa ya mbono ya Kisarawe na Kilwa, iliyochukua ardhi katika miaka ya 2000 kisha ikasimama. Mimi sitaki mtu atoe shamba la mahindi. Mbono wa uani unatosha.

Ninachoomba ni wataalamu wa nishati na vyuo vya ufundi watuandikie kijitabu cha Kiswahili kwa waendesha mashine, na kila anayeuza mchanganyiko aandike kiasi chake kwenye pipa. Nozeli mpya nimeichangia kutoka mshahara wangu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Handeni.