Anayeosha vyombo vyako hupumzika lini?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo, akina mama na akina baba, nawaletea habari za mwanamke aliyewajua kunguni hao vizuri.

Claudia Jones alizaliwa Trinidad mwaka wa 1915, akafika New York mwaka wa 1924. Mama yake alikuwa mshonaji kiwandani, na alifariki Claudia akiwa bado msichana mdogo. Claudia mwenyewe aliwahi kufua nguo za watu kwa mshahara. Mwaka wa 1936 alijiunga na tawi la vijana la chama cha Kikomunisti.

Miaka hiyo ya 1930, wanawake weusi walisimama asubuhi kwenye pembe za barabara mtaani Bronx, wakingoja mabibi wa Kizungu waje kuwachukua kwa kazi ya saa chache. Malipo yalikuwa haba, na wa kumshtakia hakuwepo.

Mwaka wa 1949 Claudia aliandika makala yaliyowatikisa wengi. Alisema mwanamke mweusi amebeba mizigo mitatu kwa mpigo: ananyonywa kama mfanyakazi, kama mtu mweusi na kama mwanamke. Alilalamika kwamba sheria za kazi zilimsahau mtumishi wa nyumbani, na vyama vya wafanyakazi navyo vikampa kisogo. Hata wenzake chamani hakuwaonea haya. Aliwakosoa kwa kumpuuza mwanamke mweusi huku wakihubiri usawa.

Serikali ya Marekani ilimfunga jela mwaka wa 1955, kisha ikamfukuza nchini. Alikwenda London, na mwaka wa 1958 akaanzisha gazeti la West Indian Gazette. Watu weusi waliposhambuliwa Notting Hill mwaka huo, yeye alijibu kwa ngoma: Januari 1959 aliandaa sherehe kubwa ya Wakaribea. Alifariki Desemba 1964, akazikwa kando ya kaburi la Karl Marx.

Msomaji wangu, waweza kuukataa ukomunisti wake, na wengi wanaukataa kwa sababu nzuri. Lakini fundisho lake halihitaji kadi ya chama. Haki ya mtu haipimwi kwa hotuba anazotoa barazani, bali kwa jinsi anavyoishi na yule aliye jikoni mwake.

Leo ni Jumapili. Wewe umekaa kitini na gazeti lako. Je, yaya wako naye siku yake ni ipi?