Gego la mwisho: ling'olewe au liachwe?

Katika nyumba nyingi za Songea, iwe Lizaboni au Bombambili, jambo hili huanza usiku. Kijana wa miaka 20 hivi anaamka shavu limejaa, kinywa hakifunguki vizuri, na chakula cha jioni hakukimaliza. Mama anampa maji ya uvuguvugu yenye chumvi asukutue, baba anatoa hela ya vidonge duka la dawa. Siku ya tatu maumivu yanapoa. Baada ya miezi miwili yanarudi, na sasa familia inakaa kujadili: ling'olewe au liachwe?

Jino lenyewe ni gego la mwisho, ambalo wengine huliita jino la hekima kwa sababu huota mtu akiwa mkubwa, kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Huwa manne, ingawa wapo watu wasioyaota kabisa. Likikuta taya limejaa, hulala ubavu na kumwegemea jirani yake, au huchomoza nusu tu na kubaki na kifuniko cha fizi juu yake. Chakula hujificha chini ya kifuniko hicho, mahali mswaki usipofika, fizi ikavimba na kutunga usaha. Vidonge hutuliza, lakini kile kimfuko kinabaki palepale, na ndiyo maana maumivu hurudi.

Gego linalovimbisha fizi mara kwa mara, lililotoboka pasipozibika, au linaloharibu jino la jirani, lina sababu ya kung'olewa. Lililotulia halina. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wa huduma ya afya umewataka madaktari wasing'oe magego mazima yasiyo na ugonjwa, wakati Marekani vijana wengi huyang'oa kabla hayajauma. Tanzania nayo ina kumbukumbu yake chungu ya kung'oa meno yasiyo na kosa: watoto wachanga waliochanwa fizi kwa vifaa vichafu kutolewa kinachoitwa "meno ya plastiki", huku homa na kuhara kwao kukiwa na chanzo kingine kabisa.

Bibi na shangazi huwa na hofu yao: jino la juu liking'olewa, macho yataharibika. Hofu hiyo haina msingi. Hatari inayostahili kuulizwa iko chini, kwenye mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya karibu na mizizi ya gego. Ukiguswa, mdomo na kidevu vinaweza kufa ganzi. Mara nyingi hali hurejea baada ya wiki au miezi. Kwa wachache hairejei. Kwa hiyo picha ya eksirei hutangulia koleo. Mizizi ikionekana kuukaribia mshipa, daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya rufaa ya mkoa anaweza kushauri safari ya kwenda kwa mpasuaji wa taya, Mbeya au Muhimbili.

Hapo ndipo kikao hukwama. Januari fedha zote zimeingia kwenye mbolea, na baba anasema asubiri mahindi yauzwe. Ni neno la haki kwa gego lililotulia. Kwa linalovimba kila mara, kusubiri nako kuna gharama: kadiri umri unavyosogea mfupa huwa mgumu zaidi, na kidonda huchelewa kupona. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, au mgonjwa akishindwa kumeza na kupumua vizuri, mahindi hayahusiki tena. Apelekwe hospitali usiku uleule, hata kwa bodaboda.

Binti mwenye mimba, au mgonjwa wa kisukari au presha, amwambie daktari kabla ya sindano ya ganzi.

Akishang'olewa, ang'ate pamba kwa nusu saa na asisukutue siku hiyo. Sigara na mrija vikae mbali, maana damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo bandeji yake. Uji uliopoa unatosha siku ya kwanza; maji ya chumvi yaanze kesho yake, baada ya kula. Maumivu yakizidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua, asiongeze vidonge vya dukani. Arudi kwa aliyemng'oa, shimo lisafishwe na kuwekwa dawa.