Programu za biashara: Kipande kimoja kibovu huharibu mzigo wote

WAFANYABIASHARA wengi wa Kanda ya Ziwa, kuanzia wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba jijini Mwanza hadi wakulima wa pamba, hupokea malipo kwa simu. Wachache wanajua kuwa programu zinazobeba fedha hizo si kazi ya mtu mmoja. Mtengenezaji hukusanya vipande vilivyoandikwa na wengine duniani, kisha mitambo huviunganisha yenyewe kila programu inaporekebishwa.

Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za wavuvi kutumia sumu. Zuio hilo halikuuliza kiwanda kipi cha minofu kilinunua kwa nani.

Kwenye programu mambo ni hayo hayo. Desemba 2021 ilitangazwa hadharani kasoro katika Log4j, kipande cha kutunza kumbukumbu kilichokuwa ndani ya mifumo mingi. Kasoro hiyo ilimwezesha mhalifu kuiendesha kompyuta ya mwingine akiwa mbali. Marekebisho yalitolewa haraka, lakini yaliwasaidia wale tu walioyachukua.

Hata hivyo, kuchukua kila kipya bila kukagua nako kuna madhara. Machi 2025 wahalifu walikichezea kipande kiitwacho tj-actions/changed-files, kinachotumika katika mitambo hiyo ya kuunganisha na kilichokuwa katika miradi zaidi ya 23,000. Kikaanza kuanika funguo za siri. Waliosalimika ni waliokuwa wamefunga toleo walilolikagua, badala ya kufuata jina la toleo pekee.

Kwa hiyo njia iko katikati. Zipo programu kama Dependabot ya GitHub, ambazo hukagua vipande, kwa mfano kila wiki, na kupendekeza toleo jipya. Pendekezo hujaribiwa, kisha mtu huidhinisha. Marekebisho ya usalama hayasubiri. Mengine yanaweza kuangaliwa kwa siku kadhaa.

Chama cha ushirika au mwenye duka anayenunua programu ya mahesabu aulize mambo matatu: ina vipande gani, nani huvikagua na kila baada ya muda gani, na ikitokea dharura marekebisho huchukua siku ngapi. Bei nafuu bila majibu hayo ni sawa na kununua injini ya mtumbwi bila kujua spea zitatoka wapi. Siku itakapozima katikati ya ziwa, aliyeiuza atakuwa nchi kavu.