Duka la mtandaoni bila mlango: Kampuni changa za Pwani zinavyowafungia wateja nje

Mwezi uliopita vijana watatu wa hapa Mombasa waliniita ofisini mwao, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, wanionyeshe kazi yao. Wana tovuti ya kuuza samaki. Unachagua changu, tafi au nguru, unalipa kwa M-Pesa, na mtu wa bodaboda anakuletea hadi nyumbani. Picha zinavutia na bei si mbaya. Tatizo lao lilikuwa moja: watu wengi walikuwa wakiweka samaki kikapuni halafu wanapotea kabla ya kulipa. Walikuwa wamelipia matangazo ya Facebook, wakapunguza ada ya usafiri, na hali ikabaki ile ile.

Nikawauliza kama wamewahi kuketi kando ya mteja wakamtazama akiagiza. Wakacheka. Mmoja akanijibu, "Kaka, utafiti huo ni wa mabenki ya Nairobi. Sisi hata kodi ya chumba hiki tunalipa kwa kuchelewa."

Siku ya pili nilirudi na khalati yangu. Ana miaka 61. Kisukari kilimwondolea macho miaka sita iliyopita, na simu yake ya Android anaitumia kila siku kwa TalkBack, ile sauti inayosoma kilicho kwenye skrini. Tulimwomba kitu kimoja tu: anunue kilo mbili za changu, ziletwe kwake. Vijana wakaambiwa wakae kimya na watazame.

Simu ikaanza kusoma: kitufe kisicho na jina, kitufe kisicho na jina, picha. Maneno ya Kiswahili yalitoka kwa matamshi ya Kiingereza hadi hata sisi tuliokuwa tukiyaona hatukuyatambua. Alipofika pa kuandika nambari ya simu, aliambiwa kuna kisanduku lakini hakuambiwa ni cha nini. Mwisho ikaja ramani, na alitakiwa kuburuta alama hadi juu ya nyumba yake. Baada ya dakika kumi na nne akaiweka simu mezani. "Wanangu, nipeni nambari ya muuzaji nimpigie."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hili la samaki si kubwa. Mambo ya serikali na ya pesa yakinishinda, humpa kijana wa saiba simu yangu na nambari ya siri. Nitafanyaje?"

Ndiyo sababu naandika. Tovuti isiyoweza kutumiwa na mtu asiyeona humnyima samaki, na tena humlazimisha kuweka kitambulisho chake, pesa zake na siri zake mikononi mwa mtu mwingine. Na mambo ya kufanyia mtandaoni yanazidi kila mwaka. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuwa zaidi ya huduma 5,000 zimewekwa kwenye eCitizen. Biashara nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Wanaojenga madirisha haya mapya, mara nyingi, ni kampuni changa za watu watatu au wanne kama hawa wa samaki.

Je, wateja wa aina ya khalati ni wangapi? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu nchini, sawa na asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani ana ulemavu wa kiwango kikubwa. Tofauti hiyo haimaanishi kuwa Kenya imebarikiwa kuliko wengine. Sehemu yake inatokana na namna ya kuhesabu: sensa yetu iliwahesabu wale tu waliosema wana shida kubwa au hawawezi kabisa kuona, kusikia, kutembea na kadhalika. Mzee anayesoma ujumbe akiwa ameinyoosha simu mbali na uso hakuhesabiwa. Wala hakuhesabiwa mvuvi mwenye simu iliyopasuka kioo, anayetafuta kitufe cha rangi ya kijivu juani saa saba mchana. Hao wote hukwama pale pale alipokwama khalati.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, usafiri wa umma na habari. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu, na kile cha 20 kinasema haki hizi zinamfunga kila mtu, si serikali pekee. Mwaka 2025 ilikuja sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, nalo lina kiwango kinachohusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952. Kwa wanaouza safari na vyumba vya wageni kule Diani na Watamu kuna la ziada: sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya ilianza kutumika Juni 28, 2025 kwa biashara za mtandaoni zinazowauzia watu wa huko. Kampuni ndogo sana za huduma, zenye wafanyakazi chini ya 10, zimesamehewa. Kampuni kubwa wanazoshirikiana nazo hazijasamehewa.

Hata hivyo, sioni kwamba kampuni changa itabadilika kwa kuogopa mahakama. Itabadilika ikijua kwamba jambo lenyewe ni rahisi kuliko inavyodhani. Ile hoja ya "hatuna pesa" ndiyo ninayotaka kuijibu.

Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichunguza miradi kadhaa ya kupima programu, na mwaka 2000 Nielsen akaandika makala yaliyofanya hesabu yao ijulikane kote. Kwa wastani, mtumiaji mmoja aliyetazamwa akifanya kazi hufichua karibu asilimia 31 ya kasoro za matumizi. Wa pili hurudia mengi ya yule wa kwanza na kuongeza machache. Wakifika watano, karibu asilimia 85 ya kasoro zimeonekana. Baada ya hapo unalipa zaidi ili kusikia yale yale. Ukiwa na uwezo wa kupima watu 15, ushauri wake ni kuwagawa mara tatu: watano, urekebishe, watano tena, urekebishe.

Hesabu hiyo ina mipaka. Ni wastani, na inahusu watu wa kundi moja. Kama wateja wako ni akina mama wa Kisauni na pia watalii wa Malindi, chukua wachache kutoka kila upande. Khalati yangu naye hawezi kumsemea kiziwi, wala mtu ambaye mikono yake hutetemeka. Lakini kampuni isiyowahi kumtazama mteja hata mmoja haina haja ya kubishana kuhusu wa sita.

Nilipiga hesabu pamoja na wale vijana. Watu watano, kila mmoja shilingi 500 kwa muda wake na 200 za nauli, ni 3,500. Chai na mahamri 500. Jumla 4,000. Kwa matangazo walikuwa wametumia zaidi ya mara tano ya hizo kwa mwezi mmoja, wakiwaita watu waje kwenye mlango usiofunguka.

Namna ya kufanya nayo ni muhimu, hasa kwetu Pwani. Ukimuuliza mtu wa hapa, "Unaionaje tovuti yetu?" atakwambia, "Mashaallah, nzuri sana." Ni adabu. Mgeni hasemi pilau ina chumvi. Kwa hiyo usimuulize maoni, mpe kazi: nunua hiki, badilisha anwani, futa oda. Kisha nyamaza. Akikwama usimsaidie haraka, maana hapo alipokwama ndipo ulipokuja kujifunza. Usiwachukue marafiki na binamu pekee, kwa kuwa wanakupenda. Waombe ruhusa kabla ya kurekodi chochote, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda wao kama inavyokulinda wewe, na usirekodi kamwe mtu akiandika nambari ya siri. Na mlipe mtu mwenye ulemavu kama unavyomlipa mwingine yeyote. Amekuja kazini.

Kwa upande wa ufikivu, vifaa vya kuanzia ni vya bure. TalkBack tayari imo kwenye simu nyingi za Android, iwashe ujaribu tovuti yako ukiwa umefumba macho. Kwenye kompyuta ya Windows kuna NVDA, programu ya kusoma skrini isiyolipiwa, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, na inakuja na sauti ya Kiswahili. Chombo cha WAVE kinakagua ukurasa bila malipo. Au weka kipanya kando na ujaribu kuagiza kwa kutumia kibodi pekee.

Wenye WAVE, shirika la WebAIM la Marekani, kila mwaka hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1. Katika ukaguzi wa 2025 zaidi ya 94 kwa kila 100 zilikuwa na makosa yanayogunduliwa na mashine. Karibu makosa yote yanaangukia mafungu sita tu: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku visivyo na majina, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Hayo ni marekebisho ya saa chache, si ya miezi.

Hilo la lugha lituguse zaidi sisi. Vijana wengi huchukua kiolezo kilichotengenezwa ng'ambo, wakajaza Kiswahili, na kuacha msimbo ukitangaza kuwa ukurasa ni wa Kiingereza. Hapo ndipo simu ya khalati ilipopotea. Dawa yake ni herufi mbili: "en" kuwa "sw".

Tahadhari mbili. Kwanza, mashine haioni kila kitu. Inaweza kujua picha ina maelezo, lakini haijui kama maelezo yenyewe yana maana. Ndiyo maana mtu hawezi kukosekana. Pili, usinunue kiraka. Kuna wanaouza kipande cha programu unachobandika kwenye tovuti, wakiahidi kuwa kila kasoro itatoweka. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiagiza kampuni moja ya aina hiyo, accessiBe, ilipe dola milioni 1 kwa madai ya kupotosha kuhusu uwezo wa bidhaa yake.

Najua jibu la baadhi ya waanzilishi: tukue kwanza, haya tutayafanya baadaye. Yeyote aliyewahi kutoboa mlango kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe Mji wa Kale anajua gharama ya baadaye. Kisanduku kinachopewa jina leo hakigharimu kitu. Kikishanakiliwa kwenye kurasa mia mbili, kinakuwa mradi.

Mzigo huu pia usiwe wa vijana peke yao. Vituo vya kulea biashara changa, mifuko ya vijana na wafadhili wanaotoa ruzuku waombe ushahidi mdogo tu: ulimtazama nani akitumia, alikwama wapi, ulirekebisha nini. Ukurasa mmoja unatosha. Kaunti zetu sita zinaponunua mifumo, KS 2952 iandikwe kwenye zabuni. Na fomu ya basari iliyopigwa picha na kupandishwa mtandaoni isihesabiwe kuwa imetangazwa kwa umma, kwa sababu kwa programu ya kusoma skrini picha hiyo ni karatasi tupu.

Wale vijana wa samaki walirekebisha majina ya vitufe, visanduku na lugha kwa siku mbili. Ramani ndiyo iliyowasumbua. Mwongozo wa WCAG wa 2023 unasema kitu cha kuburuta kiwe na njia nyingine, nao hawakujua waweke njia gani. Khalati ndiye aliyewaambia: "Niacheni niseme kwa maneno. Nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, uliza kwa mama muuza viazi." Wakaongeza kisanduku cha maelezo ya njia.

Wiki iliyopita walinipigia simu. Oda zinazokamilika zimeongezeka, na wengi wa wanaokitumia kisanduku hicho wanaona vizuri kabisa. Mitaa yetu mingi haina majina wala nyumba hazina nambari, na ramani ilikuwa ikiwashinda hao pia. Hawakuwahi kusema. Walikuwa wakifunga ukurasa na kwenda sokoni.

Khalati naye aliagiza kilo mbili za changu, akaandika nambari yake ya siri mwenyewe. Samaki walifika bila barafu ya kutosha, na amewapigia kulalamika kama mteja mwingine yeyote.