Dalili ya Mvua ni Mawingu: Kompyuta Inapougua Nyumbani



Kompyuta ya nyumbani ikinyamaza, wengi wetu huikimbiza kwa fundi papo hapo. Humo mna masomo ya watoto, hesabu za biashara, na picha za arusi zisizofaa kuonwa na ajinabi. Basi ni vyema tujue kwanza hitilafu iko wapi. Huenda fundi asihitajike kabisa.

Haiwaki. Anza na umeme. Chomeka taa kwenye soketi ile ile. Isipowaka, kasoro ni ya soketi. Ikiwaka, chomoa chaja ya kompyuta, toa betri ikiwa ni ya kutoka, ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliosalia ndani uishe. Rudisha chaja, ujaribu tena.

Inanguruma, lakini kioo ni cheusi. Ingia nayo penye giza ummulike kurunzi kiooni. Ukiona picha hafifu, kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya kioo. Ukiwa na waya wa HDMI, iunganishe na televisheni: picha ikitokea huko, mali yenu ya ndani i salama.

Inapata moto na kujizima. Huku pwani joto na vumbi havina huruma. Usiiweke juu ya godoro wala mto, kwani huziba matundu ya hewa. Izime, ichomoe, upanguse matundu kwa brashi laini iliyo kavu.

Inagongagonga ndani. Hii ndiyo dalili ya kuogopewa. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, na mlio huo huashiria zinaharibika. Ikiwa bado inafunguka, nakili kwanza vile usivyoweza kuvipata tena, kisha uizime.

Intaneti imekatika. Uliza: kwa wote, au kwa mmoja? Simu zikipata na kompyuta isipate, kasoro ni ya kompyuta. Wote wakikosa, zima ruta kwa nusu dakika. Taa nyekundu kwenye alama ya LOS ina maana kwamba mwanga haufiki kupitia waya wa faiba. Hapo mpigie simu mwenye huduma. Na ikiwa intaneti ni nzuri sebuleni lakini dhaifu chumbani, kuta nene za mawe huizuia: isogeze ruta, au uchague masafa ya 2.4 GHz, ambayo hupenya ukuta kuliko ya 5 GHz.

Ikilazimu kwenda kwa fundi, kumbukeni sitara. Kufuta picha pekee hakutoshi, kwani zaweza kurejeshwa. Ikiwa ugonjwa ni wa kioo au chaja, na diski ni ya kutoka, mwombe fundi aitoe mbele yako, urudi nayo nyumbani. Fundi mwaminifu hatachukia.